Dhamana Mbili za Mwanamume: Mjadala wa Afrika Kusini

Sheria ya Usawa katika Ajira, iliyopitishwa Afrika Kusini mwaka 1998, inawataja watu ambao mwajiri mkubwa anatakiwa kuwatazama kwanza anapoajiri na kupandisha vyeo: watu weusi, na humo wamo Waafrika, machotara na Wahindi, wanawake wa rangi zote, na watu wenye ulemavu. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona kwamba raia mmoja tu amebaki nje, ingawa hakutajwa popote: mwanamume wa Kizungu mwenye viungo timamu. Dada yake yumo, mke wake yumo, yeye hayumo. Ni nadra sheria ya nchi kuikutanisha rangi na jinsia kwa uwazi kiasi hicho, na ubishi juu yake haujatulia kwa zaidi ya robo karne. Wapo wanaosema ni haki iliyochelewa. Wapo wanaosema ni ubaguzi uleule, safari hii umegeuziwa upande wa pili. Msimamo nitakaoutetea hapa ni kwamba kundi la kwanza lina haki, lakini limeishia njiani. Dola ya Makaburu ilitoa dhamana mbili. Ya kwanza ilimhakikishia mwanamume wa Kizungu kwamba hata awe wa mwisho miongoni mwa wenzake, atakuwa juu ya yule aliye bora miongoni mwa weusi. Ya pili, ndogo na ya bei rahisi, ilimwendea mwanamume mweusi: hata akinyang'anywa kila kitu, atabaki juu ya mwanamke wake. Tangu 1994 nchi inabishana kwa kelele kuhusu kuiondoa ile ya kwanza. Ya pili inanong'onwa.

Tuanze na anayelalamika, kwa kuwa sauti yake ndiyo inayofika mbali zaidi. Tumchukulie ni kijana wa Pretoria, fundi umeme, aliyezaliwa baada ya uchaguzi wa 1994. "Mimi sikumpigia kura Verwoerd," anasema, akimtaja waziri mkuu wa enzi za ubaguzi. "Vibao vya 'Wazungu tu' nimeviona makumbusho. Nimesoma darasa moja na watoto weusi, na wengine baba zao walikuwa na uwezo kuliko baba yangu. Leo nikiomba kazi kwenye shirika la umma naambiwa nisubiri. Kama kweli nina upendeleo, nionyesheni umewekwa mfuko gani." Maneno haya hayastahili kubezwa, maana yamebeba ukweli ambao hakuna mtu muungwana anayeukataa: mtoto harithi kosa la babu yake. Lakini harithi kosa tu, vingine vyote anarithi. Nyumba iliyolipiwa mkopo ambao mweusi hakuruhusiwa kuuchukua inarithiwa. Shule yenye maabara, mjomba anayefahamiana na meneja, anwani ya mtaa ambao benki inauamini, navyo hurithiwa, tena bila wosia wala karamu. Ndiyo maana ni rahisi kwa mrithi kuamini kwamba hakupewa kitu. Swali la mfuko gani, basi, linajibiwa kwa kutazama nani alitia kitu mfukoni, lini, na kwa fedha za nani.

Jibu linaanzia migodini. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Migodi na Kazi ya 1911 zilihifadhi vyeti vya ufundi kwa Wazungu: kulipua baruti, kuendesha mitambo, kusimamia zamu. Mweusi angeweza kuifanya kazi hiyo miaka 20 na kuijua hata usingizini, lakini cheti hapati, na bila cheti hana mshahara wa fundi. Mwanzoni mwa 1922, bei ya dhahabu iliposhuka, wenye migodi wa Witwatersrand walitaka kubadilisha baadhi ya kazi za Wazungu na kuwapa weusi, ambao malipo yao yalikuwa madogo mno. Wachimbaji wa Kizungu waligoma, mgomo ukageuka uasi wa silaha, na waziri mkuu Jan Smuts akatuma askari, mizinga na ndege za kivita. Watu takriban 200 waliuawa, wakiwemo Waafrika walioshambuliwa na wagomaji. Bango maarufu la mgomo huo liliwataka wafanyakazi wa dunia nzima waungane kwa ajili ya Afrika Kusini ya Wazungu. Hapo kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Watu hawa walikuwa maskini, walinyonywa kwelikweli, na mapafu yao yaliharibiwa na vumbi la mgodi kama ya wenzao weusi. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kudai heshima ya mfanyakazi, walidai heshima ya mfanyakazi wa Kizungu.

Walishindwa barabarani na kushinda kwenye sanduku la kura. Mwaka 1924 chama cha Kitaifa cha Hertzog kiliungana na chama cha Leba, kikamwondoa Smuts, na miaka miwili baadaye sheria mpya ikarudisha kizuizi cha rangi migodini, ambacho mahakama ilikuwa imekitilia dosari. Serikali ikaanzisha sera iliyoiita ya kazi ya kistaarabu: reli na idara za umma ziliwatoa weusi kwenye kazi za sulubu, kama kubeba mizigo na kuchimba mitaro, zikawaweka Wazungu kwa mshahara unaotosha kuilisha familia ya Kizungu. Kazi ni ileile na koleo ni lilelile, ila mshahara ulipimwa kwa kutazama nani ameshika mpini. Matokeo ya mpango huu kwa muda mrefu yamepimwa. Mwanauchumi Francis Wilson, katika utafiti wake wa 1972 kuhusu migodi ya dhahabu, alionyesha kwamba thamani halisi ya mshahara wa mchimbaji mweusi mwaka 1969 haikuwa imezidi ile ya 1911, na kwamba kufikia wakati huo mshahara wa fedha taslimu wa Mzungu ulikuwa karibu mara 20 ya ule wa mweusi. Karibu miaka 60 ya dhahabu kutoka ardhini, na nyongeza sifuri. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa bidii wala kwa kipaji.

Hapa sauti ya pili inaingilia, na ni ya mtu aliyesoma historia. "Unasahau maskini wa Kizungu," anasema. "Tume ya Carnegie mwaka 1932 iliwahesabu takriban 300,000. Walikuwa wanaishi kwenye vibanda, watoto wao peku. Upendeleo gani huo?" Hajakosea kuhusu umaskini wenyewe. Ila tume hiyo ndiyo shahidi mzuri kuliko wote kwa upande wangu. Umaskini wa Wazungu ulipogunduliwa, ulihesabiwa kuwa dharura ya taifa: makanisa, vyuo vikuu na wafadhili kutoka Marekani waliandika ripoti ya majuzuu matano, na dola ikajibu kwa ajira, nyumba na shule. Umaskini wa weusi haukuwa dharura ya mtu yeyote. Ulikuwa sera: Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwabana kwenye takriban asilimia 7 ya nchi, baadaye 13, ili wasiwe na pa kulima na wakimbilie migodini. Mzungu maskini alikuwa tatizo la kutatuliwa, mweusi maskini alikuwa malighafi. Baada ya chama cha ubaguzi wa rangi kushika dola mwaka 1948, kazi ilikamilishwa kwa haraka ya kutisha: usajili wa watu kwa rangi na mgawanyo wa mitaa mwaka 1950, elimu ya Kibantu 1953, na mwaka 1956 kifungu kilichompa waziri uwezo wa kuihifadhi kazi yoyote kwa rangi yoyote. Katika miaka ya 1970 serikali ilitumia kwa mwanafunzi mmoja wa Kizungu zaidi ya mara 10 ya ilichotumia kwa mmoja mweusi. Babu wa fundi wetu wa Pretoria alitoka kwenye kibanda na kufika kwenye nyumba ya matofali kwa ngazi hiyo, na ngazi hiyo iliwekwa na serikali.

"Na tuliilipa," sauti hiyo haikati tamaa. "Kuanzia 1967 vijana wa Kizungu walilazimishwa kwenda jeshini, kufikia 1977 ilikuwa miaka miwili mizima, Namibia na Angola. Wengi walirudi wakiwa mahututi wa roho." Kweli tupu, na nadhani waandishi wa upande wetu wa bara huwa tunaupita ukweli huu haraka mno, kwa kuwa risasi za vijana hao zilikuwa zikituelekea. Dhamana yoyote ina masharti. Mwanamume wa Kizungu aliahidiwa ajira, nyumba, mtumishi jikoni na neno la mwisho mezani, naye akatakiwa kutoa utii na, ikibidi, kumwaga damu. Aliyekataa alionekana si mwanamume kamili. Mwaka 1988 kijana mmoja aliyekataa kulitumikia jeshi la ubaguzi alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Kwa hiyo kuivunja dhamana ile kulimfungua pia yeye aliyefaidika nayo: mtoto wake leo hapelekwi kupigana Cuito Cuanavale, Angola. Lakini mzigo alioubeba askari hauwezi kuwa hoja ya kubaki na marupurupu ya cheo chake baada ya vita kwisha, hasa vita vyenyewe vilipokuwa vya kuyalinda marupurupu hayo.

Mahakama ya Katiba imelipitia suala hili mara kadhaa, na mwaka 2004 ilitoa hukumu ambayo ingesomwa zaidi isingekuwa inahusu jambo kavu kama pensheni. Wabunge wa enzi za zamani, wengi wao wanaume wa Kizungu waliokuwa na mfuko wao mnono, walikuwa wakichangiwa na serikali kiasi kidogo kuliko wabunge wapya walioingia 1994 bila akiba yoyote. Mmoja wao alishtaki kuwa amebaguliwa. Mahakama ilikataa, na ikaweka msingi: hatua ya kurekebisha madhara ya ubaguzi ni sehemu ya usawa ambao katiba inauahidi, haihitaji kuombewa radhi kana kwamba ni ukiukaji. Miaka 10 baadaye ikaja kesi ngumu zaidi, ya afisa wa polisi mwanamke wa Kizungu aliyepata alama za juu kwenye usaili na bado akanyimwa cheo, kwa sababu ngazi ile tayari ilikuwa na Wazungu wengi. Alishindwa. Binafsi naiona kesi hiyo kuwa ndiyo ukingo wa sera, mahali ambapo hesabu ya makundi inaanza kumkanyaga mtu mmoja mwenye jina, na sioni haya kusema kwamba kamishna alitakiwa kueleza sababu zake vizuri zaidi kuliko alivyofanya. Lakini ukingo wa sera haubatilishi kitovu chake, na kitovu kinaonekana kwenye takwimu.

Takwimu zenyewe si za kificho. Wazungu ni takriban asilimia 8 ya watu wenye uwezo wa kufanya kazi nchini humo. Katika uongozi wa juu wa makampuni, ripoti za Tume ya Usawa katika Ajira zinaendelea kuwakuta wakiwa na zaidi ya asilimia 60 ya viti, na wengi wao ni wanaume. Ukosefu wa ajira kwa Waafrika unapita asilimia 35. Kwa Wazungu uko chini ya 10. Ukaguzi wa ardhi wa 2017 uliona kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 ya ardhi ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Katika hali hiyo, Februari 2025, rais wa Marekani alitia saini amri ya kuwapokea Wazungu wa Kiafrikana kama wakimbizi kwa madai kwamba wanabaguliwa kwa rangi yao, na Mei mwaka huohuo kundi la kwanza likatua karibu na Washington. Mauaji mashambani yapo, na kila moja ni msiba. Lakini yanahesabika kwa makumi kwa mwaka, katika nchi ambayo watu zaidi ya 25,000 waliuawa kati ya Aprili 2023 na Machi 2024, wengi wao wakiwa wanaume weusi wa vitongoji vya maskini, ambao hakuna ndege iliyotumwa kuwachukua. Kinachoitwa mateso hapa, mara nyingi, ni ugeni wa kusimama kwenye foleni ambayo wengine walizaliwa ndani yake.

Sasa inakuja sauti ambayo msomaji wa Tanzania atakuwa ameingoja. "Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema," inasema. "Oktoba 1961 aliwaambia wabunge waziwazi kwamba yuko tayari kujiuzulu kuliko kuujenga uraia juu ya rangi. Januari 1964 akafuta mpango wa kuwapa Waafrika kipaumbele katika utumishi wa umma. Miaka miwili na kitu tu baada ya uhuru! Afrika Kusini wamevuka miaka 30, na bado wanahesabu rangi." Hoja hii ni nzito kuliko zote za upinzani, kwa sababu inatoka kwa watu waliowapa wapigania uhuru wa nchi ile hifadhi. Katika mkutano wa Morogoro wa 1969 chama cha ANC kiliufungua uanachama wake kwa Wazungu, Wahindi na machotara, na haikuwa bahati tu kwamba uamuzi huo ulifanyika katika ardhi ya nchi iliyokataa uraia wa rangi. Walakini tukiupima mfano wenyewe, haulingani. Tanganyika ya 1961 ilikuwa na Wazungu takriban 20,000, wengi wao maofisa na walowezi wachache ambao wangeweza kufungasha na kuondoka, na wengi waliondoka. Nafasi zilikuwa zikijifungua zenyewe. Afrika Kusini ina mamilioni ya Wazungu ambao ni wenyeji wa karne tatu na ushei, wana haki ya kubaki na wamebaki, wakiwa na makampuni, mashamba na utaalamu wao. Pale ambapo mwenye kiti haondoki, kufuta sheria ya upendeleo kunamwacha ameketi palepale. Na hata Tanganyika uamuzi wa Mwalimu haukupokewa kwa nderemo: wiki mbili baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Sisemi Mwalimu alikosea. Nasema aliweza kuchukua njia ile kwa kuwa historia haikumwachia mlima wa aina ile, na miaka mitatu baadaye, kwa Azimio la Arusha, alizitaifisha benki na viwanda, jambo ambalo serikali ya Pretoria haikuthubutu.

"Basi suala ni tabaka," anarukia mwingine, wa mrengo wa kushoto. "Acheni rangi. Mabilionea wachache weusi wamenufaika, mchimbaji amebaki kwenye kibanda chake." Na ushahidi anao. Tarehe 16 Agosti 2012, polisi wa serikali iliyochaguliwa na weusi waliwaua wachimbaji 34 huko Marikana waliokuwa wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Cyril Ramaphosa, aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha wachimbaji katika miaka ya 1980, wakati huo alikuwa mkurugenzi katika kampuni yenye mgodi huo. Hata ushindi mtamu una doa hilihili. Siya Kolisi, Mwafrika wa kwanza kuwa nahodha wa kudumu wa timu ya taifa ya raga, aliyenyanyua kombe la dunia 2019 na 2023, alizaliwa Zwide, kitongoji cha mafukara. Kipaji chake kilionekana, akapewa ufadhili wa kusoma Grey, shule ya wavulana iliyoanzishwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Mlango wa uwanja bado unapitia geti la shule ile. Hayo yote nayakubali, ila hayaniongozi kwenye hitimisho lake. Tabaka la Afrika Kusini lilitengenezwa kwa rangi, kwa karatasi na mihuri, kama nilivyoonyesha. Kulizungumzia tabaka huku ukiikwepa rangi ni kusimulia ajali bila kutaja dereva. Anachotuonyesha mpinzani huyu ni kwamba sheria ya ajira inagawa viti juu ya ngazi na haigusi urefu wa ngazi yenyewe. Hilo ni sababu ya kuiongezea sheria ya mishahara na ya ardhi, wala halitupi sababu ya kuifuta.

Hadi hapa nimewajibu wanaume. Ndiyo kawaida ya mjadala huu, na ndipo kasoro yake ilipo. Anayefuata kusema ni mwanamume mweusi, mzee wa hosteli za wachimbaji, na sauti yake haina mzaha: "Nilipitia jando kwetu, nikatahiriwa, nikawa mwanamume. Kisha nikapanda treni kwenda mgodini, na mtoto wa miaka 18 akaniita boi mpaka nilipostaafu. Nililala kwenye kitanda cha zege na wanaume 15 chumbani, miezi 11 kwa mwaka, mke wangu akiwa nyumbani kama mjane. Leo mnaniambia nina upendeleo?" Jibu lolote la haraka kwa mtu huyu litakuwa la kihuni. Mfumo ule ulimvua kila alama ya uanaume ambayo uleule ulimwekea Mzungu: mshahara wa kulisha familia, nyumba, mji, silaha, kura. Lakini haukumvua zote. Alama moja ilibakishwa kwa makusudi, tena ikapigwa muhuri, kwa kuwa mtawala alihitaji mtu wa kumshikia nyumba huko vijijini bila kumlipa.

Alama hiyo ilikuwa mamlaka juu ya mwanamke. Kanuni ya Natal ya karne ya 19 iliwahesabu wanawake wa Kiafrika kuwa watoto maisha yao yote, chini ya baba, mume, au hata mwana. Vitongojini, vibali vya nyumba vilitolewa kwa jina la mwanamume mkuu wa familia. Aliyefiwa au kuachwa alikuwa hatarini kutolewa nje na masanduku yake. Serikali ilipotaka kuwabebesha wanawake vipande, yaani pasi za kupita, wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Majengo ya Umoja, Pretoria, tarehe 9 Agosti 1956, na ukitazama walivyokuwa wamefungwa kila upande utaelewa kwa nini. Mwaka 1984 sheria iliondoa mamlaka ya mume juu ya mali na mikataba ya mke kwa ndoa mpya za Wazungu, machotara na Wahindi. Wanawake wa Kiafrika waliofunga ndoa ya serikali walisubiri hadi 1988. Yaani dola iliyomwita mwanamume mweusi mtoto ilimwachia mke wake kwa miaka minne zaidi ya wengine. Sijui ni wapi pengine ambapo hesabu ya mtawala inaonekana wazi kuliko hapo.

"Hiyo ni mila yetu," mzee anajibu, "Mzungu hakutuletea." Sauti ya mwanamke, ambayo imekuwa ikingoja zamu, haimruhusu amalize. "Mila ipi? Ile bibi zetu waliyoishi, yenye wajomba wa kukushitaki na wazee wa kukukemea, au ile iliyoandikwa na hakimu wa Kizungu kwenye kitabu, ikaondolewa wajibu wote na kuachiwa haki zako tu?" Nadhani amemshinda. Mila hai hubishaniwa na kubadilika. Mila iliyokaushwa ndani ya kanuni za kikoloni ilimpa mwanamume urithi bila kumdai ulezi. Na mahakama imelithibitisha hilo kwa upande wake: mwaka 2004 ilifuta kanuni ya mrithi kuwa mwanamume peke yake, na mwaka 2008 ikafuta vifungu vya Natal na KwaZulu vilivyomfanya mkuu wa familia kuwa mwenye mali yote. Tazameni miaka. Vibao vya rangi vilishushwa kabla ya 1994; vifungu hivi vilikuwa bado vinafanya kazi miaka 14 baada ya Mandela kuapishwa, katika jamhuri yenye katiba inayosifiwa dunia nzima, na hakuna chama kikubwa kilichofanya kampeni ya uchaguzi juu yake.

Mpinzani wa mwisho ni mwenye busara, na ananiambia kwamba naziweka pamoja dhamana zisizolingana: moja ilijenga mabilioni, nyingine ilimpa mtu fukara neno la mwisho katika chumba kimoja. Kwa uzito wa mali, kweli hazilingani. Kwa namna zinavyofanya kazi zinafanana kupita kiasi. Zote mbili zinampima mwanamume kwa walio chini yake. Kwa hiyo kila mara kipimo hicho kinapotikiswa, lugha inayotoka ni ileile, iwe kwa Kiafrikana au kwa Kizulu: tumedharauliwa, nyumba imeharibika, wanatuchukulia chetu. Mwaka 2006 Jacob Zuma alipojitetea mahakamani Johannesburg dhidi ya shtaka la kubaka, ambalo aliachiwa huru, alitumia mila ya Kizulu kueleza mwenendo wake, na wafuasi waliokuwa nje walimshangilia kama shujaa wa wanaume waliodhalilishwa. Ile shangwe haiwezi kuelezwa kwa kesi peke yake. Inaeleweka ukikumbuka ni nini kilikuwa kimebakishwa mikononi mwa wanaume wale, na ni kwa nini wasingependa kukiachia bure.

Nyumba moja ya Mabopane, kaskazini ya Pretoria, inaonyesha jinsi dhamana ya pili ilivyovuka mpaka wa 1994 bila kusimamishwa. Dada na kaka waliishi hapo. Chini ya tangazo la 1962 kibali kilihitaji mkuu wa familia, na mkuu wa familia alikuwa mwanamume, hivyo jina lililoandikwa lilikuwa la kaka, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kibali kikamzalia hati. Kaka alihama, dada akabaki akiitunza nyumba kwa miaka. Sheria ya 1991, iliyotungwa kwa nia njema ya kuwapa weusi umiliki kamili, ilizigeuza hati za namna hiyo kuwa umiliki moja kwa moja, bila kumuuliza mtu mwingine chochote, na kwa nguvu ya hati hiyo kaka akataka dada aondoke. Dada alishtaki, na Oktoba 2018 Mahakama ya Katiba ilisema kifungu hicho kinawabagua wanawake, ikairudisha athari ya hukumu hadi tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza, na kulipatia Bunge miezi 18 kurekebisha. Sheria ya ajira ina tume, ripoti za kila mwaka, na tangu 2025 malengo ya kila sekta. Kwenye nyumba kama hii hakuna mkaguzi anayekuja. Mwanamke anayetaka kunufaika na hukumu ya 2018 lazima kwanza asikie kwamba ipo, apate wakili, kisha akubali kumburuta kaka yake mahakamani.